Moyo ukisimama, tusipoteze dakika kwa maji na upepo

Wanafunzi wangu wamenizoea kwa ubishi wa maneno, na huenda wengine huuona ni ubishi wa bure. Leo nina neno moja ambalo naamini linaua watu.

Mtu akianguka ghafla akafa, sisi husema ameuawa na "mshtuko wa moyo". Waama, hapo pana mambo mawili. Mshtuko hutokea mshipa unaoulisha moyo damu unapoziba; mgonjwa huumwa kifua na kutokwa na jasho, lakini aghalabu yu macho na huweza kusema. Moyo kusimama ni balaa nyingine: mtu huanguka papo hapo, hana fahamu, wala hapumui sawasawa. La kwanza laweza kuzaa la pili. Hata hivyo, mgonjwa wa kwanza hukimbizwa hospitalini, ilhali wa pili hatafika huko akiwa hai asipohudumiwa pale pale alipoanguka. Kila dakika ipitayo bila msaada hupunguza nafasi yake ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mashindano ya michezo ya shule. Kijana mmoja alianguka bila kuguswa na mtu. Mmoja wetu alimpepea kwa daftari, mwingine akammwagia maji, wa tatu akashikilia kuwa ni kifafa. Kijana alikuwa akivuta pumzi moja moja, mbalimbali, mithili ya mtu anayekoroma, nasi tukafarijika: "Bado anapumua." Kumbe huko hakukuwa kupumua. Zilikuwa pumzi zile ambazo wazee wa pwani huzihesabu katika sakarati ya mauti. Neno tulikuwa nalo tangu jadi; tusilojua ni kwamba pumzi hizo ndizo ishara ya kuanza kazi. Kijana hakupona. Mimi, mwenye shahada tatu, nilikuwa nimesimama nimemshikia viatu.

Kazi yenyewe haihitaji shahada. Mmoja aite ambulansi, mwingine akimbilie mashine ya kuushtua moyo, yaani difibrileta, kama ipo. Wewe piga magoti, weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, ubonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiachia kifua kiinuke kila mara. Ukichoka, mpokezane.

Mashine nayo yatishia kwa jina tu. Mara nyingi, dakika za kwanza, moyo haujasimama hasa. Unatapatapa kama samaki aliyetolewa majini, wala hausukumi damu. Umeme hukomesha kutapatapa huko ili moyo uurudie mdundo wake. Mashine huupima moyo yenyewe, na isipoona haja haitoi umeme. Huelekeza kwa sauti pia. Nilizozisikia mimi zilisema Kiingereza, na hilo nitalizungumzia siku nyingine.

Mashabiki wa kandanda watakumbuka Juni 12, 2021, Christian Eriksen alipoanguka uwanjani Copenhagen. Alibonyezwa kifua, akashtuliwa kwa mashine hapo hapo, na mwaka uliofuata akarudi kucheza. Mtasema huyo alizungukwa na madaktari. Basi tazameni viwanja vya ndege vya Chicago, ambako mashine zilitundikwa wazi kuanzia 1999. Katika miaka 2, watu 18 walikutwa mioyo ikitapatapa hivyo, na 11 wakarudishiwa uhai. Kati ya hao 11, 6 waliokolewa na watu wasiowahi kufunzwa mashine hiyo, ingawa baadhi yao walikuwa madaktari.

Hivi majuzi nilizuru taasisi moja ya elimu nikaonyeshwa kwa fahari kabati lenye mashine hiyo, mpya kabisa. Kabati lilikuwa na kufuli. Nikauliza ufunguo uko wapi. Nikajibiwa kuwa mwenye ufunguo yuko likizoni, angerejea Jumatatu.