Mkutano wa Kwanza: Mwongozo kwa Anayetaka Kuacha Pombe

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Wengi wanaotaka kuacha pombe hawakosi nia; wanakosa mahali pa kuitamka nia hiyo bila kuaibishwa. Vikundi vya kusaidiana ni mahali pa namna hiyo. Katika sura hii tunaeleza jinsi ya kukipata kikundi nchini Kenya, yatakayojiri siku ya kwanza, na mambo ambayo msomaji hana budi kuyachunga asije akapoteza fedha au uhai.

Kwanza, usalama wa mwili

Aliyezoea kunywa pombe nyingi kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Saa chache baada ya kinywaji cha mwisho anaweza kuanza kutetemeka, kutokwa na jasho na kutapika. Katika siku mbili au tatu za mwanzo anaweza kupatwa na degedege, au kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo huweza kuua. Kwa hiyo tunashauri amwone daktari kabla ya kuacha. Dalili hizo zikishaanza, apelekwe hospitalini mara moja. Kikundi hakina daktari, dawa wala kitanda. Kazi yake ni kumsaidia mtu abaki bila pombe baada ya mwili kutulia.

Jinsi ya kukipata kikundi

Jumuiya inayojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA. Ilianzishwa mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, na wanaume wawili waliokuwa wakisumbuliwa na pombe, mmoja wao akiwa daktari. Waligundua kwamba mnywaji humsikia upesi yule aliyepita njia ileile. Leo mikutano yake hufanyika katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo.

Njia rahisi ya kuanza ni kupiga simu nambari 1192, ya NACADA, mamlaka ya kitaifa inayopambana na matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya. Simu hiyo hailipiwi. Waweza pia kumuuliza mshauri nasaha katika hospitali ya umma iliyo karibu nawe. Ukishaelekezwa, uliza mambo manne kabla ya kulipa nauli: je, mkutano bado hufanyika siku na saa hiyo? Huendeshwa kwa lugha gani? Ni wa wazi, ambao hata jamaa na marafiki huruhusiwa kuhudhuria, au ni wa wenye tatizo pekee? Na je, upo mkutano wa wanawake, kwa anayeupendelea?

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua mkutano unaoangukia saa uliyozoea kunywa. Kwa anayelemewa Ijumaa jioni baada ya kazi, au siku ya mshahara, mkutano wa saa hiyo humsaidia kuliko wa Jumatatu asubuhi.

Yatakayojiri siku ya kwanza

Mikutano mingi huchukua muda wa saa moja hivi. Mara nyingi ukumbi ni wa kanisa au wa hospitali, lakini AA haifungamani na dini wala taasisi yoyote. Wanachama hujitambulisha kwa jina la kwanza tu, kisha mmoja baada ya mwingine husimulia safari yake. Hulazimiki kusema neno. Waweza kuketi na kusikiliza hadi mwisho. Mungu hutajwa katika hatua 12 za jumuiya hiyo, ila kila mtu huachiwa amwelewe kwa namna yake.

Sharti la uanachama ni moja: nia ya kuacha kunywa. Aliyeteleza akanywa tena hafukuzwi.

Haki zako na tahadhari

Mkutano hauna kiingilio wala ada. Chombo cha mchango kikipitishwa, anayetaka hutoa, na asiye na kitu hukipitisha tu. Akitokea mtu akakudai malipo ya uanachama, akakuuzia dawa ya kumaliza kiu ya pombe, au akakuomba mkopo, kataa na uwaarifu wanachama wengine. Ukielekezwa kwenye kituo cha kulaza wagonjwa kwa malipo, uliza kwanza kama kimeidhinishwa na NACADA.

Yasemwayo mkutanoni hutarajiwa kubaki mkutanoni. Hata hivyo, wanachama ni raia wa kawaida, hawafungwi na kiapo kama daktari. Kama una kesi mahakamani au shauri kazini, mambo hayo yazungumze na wakili.

Kwa jamaa

Mke, mume, mzazi au mtoto wa mnywaji naye huchoka. Al-Anon, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1951, ni kwa ajili yao, nao waweza kuhudhuria hata kama mnywaji mwenyewe amekataa msaada.

Mkutano wa kwanza usipokupendeza, usihukumu yote kwa huo mmoja. Vikundi hutofautiana kwa watu na kwa desturi. Jaribu kingine, kisha kingine tena, kabla ya kuamua kwamba njia hii haikufai.