Maandishi Yale Pembeni mwa Skrini

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba rahisi ghali. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikaitungia sentensi na kupewa alama zote mbili, lakini sikuielewa hadi siku ile nilipoiua kompyuta ya Chama cha Kiswahili kwa mikono yangu mwenyewe. Naam, ni mimi. Wengi wenu mliambiwa ilikuwa hitilafu ya stima. Haikuwa stima. Mwalimu mlezi wetu alinisitiri, na leo nikiwa Kidato cha Nne naona afadhali nijitaje, maana nawaona wadogo zangu wakipitishiana flashi ya aina ile ile katika maabara ya kompyuta kama watu wanaopokezana ugoro.

Basi sikilizeni. Mwaka wa 2023 nilikuwa Kidato cha Pili na katibu msaidizi wa chama. Tulikuwa tumeuza mandazi na kuchangishana hadi tukafikisha shilingi 22,000, tukanunua laputopu kuukuu kwa fundi mmoja mjini, karibu na steji ya matatu. Ilifanya kazi vizuri sana. Kasoro yake ilikuwa moja tu: pembeni mwa skrini, chini kulia, kulikuwa na maandishi hafifu ya Kiingereza yaliyotutaka tuiamilishe Windows. Hayakuzuia lolote. Tuliandika, tukachapisha, tukahifadhi. Lakini yalinikera! Kila mgeni akija nilihisi kama chama chetu kimevaa shati lenye kibandiko cha bei. Nikamwendea fundi. Akacheka, akanipa flashi: "Kijana, hii ni dakika mbili tu. Zima antivairasi kwanza, isikusumbue."

Kabla sijaendelea, tuelewane kuhusu kuamilisha. Windows ni mali ya kampuni ya Microsoft ya Marekani, na haiuzwi kama sahani ambayo ukishailipia ni yako kabisa. Unachonunua ni leseni, yaani ruhusa ya kuitumia katika mashine yako. Hapo zamani mtu angenunua sidii moja akaitia katika kompyuta za kijiji kizima. Ilipotoka Windows XP mwaka wa 2001, mchezo huo ulipigwa kufuli: programu ilitazama vipuri vya mashine, ikapeleka alama yake kwa Microsoft kupitia mtandao au simu, na usipofanya hivyo katika siku 30 ilikufungia mlango. Tangu hapo ni mbio za paka na panya. Nitawaeleza mbio zenyewe, si ili mkakimbie, bali fundi akikwambia "hii nimeikraki" ujue amekufanyia nini.

Njia ya kale zaidi ni ya ufunguo wa kuazima. Makampuni makubwa yalipewa ufunguo mmoja wa herufi na tarakimu 25 usiohitaji kuamilishwa, na mmoja wa aina hiyo ulivuja mwaka huo huo wa 2001 kabla hata XP haijafika madukani. Dunia nzima ikautumia, hadi Microsoft walipoufungia katika masahihisho ya 2002. Njia hii haileti virusi yenyewe, bali unakaa kama mpangaji asiye na risiti: siku yoyote unaweza kutolewa. Funguo zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya soda na mkate nyingi ni ndugu za huo. Leo zinakubali, kesho zimefutwa, na huna wa kumlalamikia.

Katika siku za Windows 7, iliyotoka mwaka wa 2009, wajanja walihamia kwingine. Kompyuta za watengenezaji wakubwa zilikuwa na alama maalumu ndani, basi wakatunga programu ya kujifanya alama hiyo kabla Windows haijaamka usingizini. Kuchezea mahali pa kuamkia ni hatari, kwani mashine inaweza isiamke tena. Sitakawia hapo, kwa kuwa Windows 7 yenyewe iliacha kupewa viraka vya usalama tarehe 14 Januari 2020.

Njia iliyonipata mimi ni ya KMS, na hii ndiyo nataka muielewe vyema. Shirika kubwa lenye kompyuta nyingi haliwezi kuituma kila moja kwenda kuuliza Microsoft. Kwa hiyo linaruhusiwa kuwa na seva yake yenyewe inayotoa ruhusa kwa niaba ya Microsoft, mradi kompyuta zinazoomba zifike 25, na kila ruhusa hudumu siku 180 tu kisha huombwa upya. Linganisha na ruhusa ya kutoka shuleni. Mwalimu mkuu hawezi kumwandikia kila mwanafunzi, basi muhuri humpa mwalimu wa zamu. Sasa chukulia mtoro fulani amechonga muhuri wa kiazi na kuukalia kitandani. Programu ile ya flashi ni muhuri wa kiazi: inaweka seva ya uongo ndani ya mashine yako yenyewe, kompyuta inaiuliza, nayo inajibu, "Ruhusa umepata, nenda."

Hatari yake ni nini? Kwa vile ruhusa huisha baada ya siku 180, zile nyingi za aina hii haziji zikaondoka. Zinahamia. Zinakaa humo daima zikiwa na mamlaka yote ya msimamizi wa mashine, na umeziingiza wewe mwenyewe baada ya kumfunga kamba mbwa wa nyumbani. Hata kama aliyeitunga mwanzo hakuwa na nia mbaya, wewe hukupewa na yeye. Umepewa na rafiki ya fundi ya binamu ya mtu fulani. Mwaka wa 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi programu iliyojulikana sana ya KMSPico ilivyokuwa ikisambazwa ikiwa na Cryptbot ndani yake, mdudu wa kuiba maneno ya siri na pesa za kidijitali. Na mtu akishalizoea agizo la "zima antivairasi", hana tena wa kumwambia lipi ni muhuri wa kiazi na lipi ni jambazi.

Siku hizi kuna njia mpya ya mistari michache ya amri inayoilaghai seva ya Microsoft itoe leseni, kisha haiachi kitu katika mashine. Nitasema ukweli, hata kama walimu watakunja uso: kwa upande wa virusi, ile yenyewe asilia ina hatari ndogo kuliko ya flashi, kwa sababu imeandikwa waziwazi na wajuzi huweza kuisoma. Lakini ni nani kati yetu anaweza kuisoma? Sisi tunanakili tulichotumiwa, na herufi moja ikibadilishwa tumefungua mlango wa mtu mwingine kabisa. Leseni inayopatikana hivyo pia si halali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inaihesabu programu ya kompyuta katika kazi za maandishi, kundi moja na riwaya na tamthilia tunazosoma. Sisi wana chama tunaolia tukiona vitabu vya waandishi wetu vikitolewa fotokopi, hapo tunasemaje?

Nirudi kwangu. Maandishi ya pembeni yaliondoka, nami nikatembea kifua mbele siku nne. Siku ya tano nilifungua kabrasha la jarida nikakuta kila faili imeongezewa mkia wa herufi nisizozijua, na hakuna hata moja iliyofunguka. Kulikuwa na barua moja tu ya kusomeka. Ilidai dola 980, au nusu yake, dola 490, tukilipa kabla ya saa 72 kwisha. Nusu hiyo ilikuwa karibu shilingi 70,000. Mwalimu wa kompyuta aliitazama akasema ni Djvu, mdudu ambaye desturi yake ni kuja ndani ya programu zilizokrakiwa. Alijaribu dawa iliyotolewa bure mwaka wa 2019, lakini ile ilifaa matoleo ya zamani tu.

Mashairi na insha zilikuwemo 41. Hizo nyingine tuliwaomba wenyewe waandike upya, wengine wakanuna, wakaandika. Kilichoniuma ni zile rekodi. Likizo ya Aprili wanachama walikuwa wamewarekodi nyanya na babu zao wakitega vitendawili, tukazimwaga zote kwenye laputopu kisha tukafuta simu za wenyewe ili zipate nafasi. Wazo la kufuta lilikuwa langu. Nyanya ya mwenzetu mmoja alifariki Desemba mwaka huo. Huyo mwenzetu hakunikaripia hata siku moja, na jamani, afadhali angenikaripia.

Sasa sikilizeni ajabu. Mwalimu wa kompyuta alipoipangusa diski yote na kuanza upya, aliweka Windows 11 Home. Hakuandika ufunguo wowote. Mashine ilipounganishwa na mtandao ikajiamilisha yenyewe! Kumbe tangu Windows 8 ya mwaka wa 2012, watengenezaji wengi huufungia ufunguo ndani ya ubao mama, ule ambao mafundi huuita madabodi. Laputopu yetu ilikuwa imetoka kiwandani na leseni ya Home. Fundi alikuwa ametuwekea toleo la Pro, kwa sababu ndilo alilokuwa nalo kwenye flashi yake, na ufunguo wa Home haufungui Pro. Leseni tuliyoitafuta kwa wezi ilikuwa mle mle mkononi, imekwisha kulipiwa. Leseni mpya ya Home huko Marekani bei yake ni dola 139, ambazo mwaka ule zilikuwa karibu shilingi 20,000, na sisi hatukuhitaji kutoa hata senti.

Na kama isingekuwemo? Kuanzia Windows 10, mashine isiyoamilishwa haifungwi. Inakunyima kubadili picha na rangi za skrini, inakukumbusha kumbusha, inaandika pale pembeni, lakini viraka vya usalama hainyimwi kwa sababu hiyo. Kukaa hivyo hakukupi leseni, ila hakuli faili za mtu. Tena ipo Linux, kwa mfano Ubuntu, ambayo ni ya bure kwa halali na ndani yake mnaandika insha bila tatizo. Mashine moja pale maabara inaitumia, ile ya dirishani ambayo hakuna anayegombea.

Rekodi za mwaka huu zimo kwenye laputopu, zimo pia kwenye flashi mbili, moja kwa mlezi na moja kwa mwalimu wa kompyuta. Simu hatufuti tena. Mwenzetu yule amewarekodi shangazi zake wawili, na kati ya vitendawili walivyotoa, anasema vitatu ni vya nyanya.