Anga Linapochukua Kazi ya Msimulizi

Filamu ya kwanza ya Wallander, iliyorushwa na BBC mwaka 2008, inatupeleka mapema katika shamba la kanola lililochanua. Ni njano tupu, kutoka miguuni pako hadi upeo wa macho. Katikati ya maua yupo msichana peke yake. Inspekta Kurt Wallander, anayeigizwa na Kenneth Branagh, anamsogelea taratibu kama mtu anayeogopa kumshtua ndege, na msichana anajimwagia petroli na kujiwasha moto. Hatujui ni nani, ametoka wapi, wala anamkimbia nani.

Msomaji wa riwaya iliyozaa filamu hiyo, ambayo Henning Mankell aliichapisha kwa Kiswidi mwaka 1995, hafiki shambani mikono mitupu. Mankell anaanza na utangulizi unaotokea mbali kabisa, Jamhuri ya Dominika, kwa mwanamume fukara mwenye binti mchanga. Kwa hiyo moto unapowaka, msomaji tayari ana fununu ya uchungu ulio nyuma yake. Mtazamaji hana fununu hiyo. Alichopewa ni rangi, upepo na uso wa Branagh, basi.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa tamthilia nzima. Watu wengi huisifu kwa mandhari yake, kisha huyahesabu mandhari hayo kama pambo, kitu cha kupendeza macho wakati upelelezi ukiendelea. Mimi naona mandhari yale yana kazi, tena kazi nzito: yamerithi nafasi ya msimulizi.

Mankell anaandika kwa nafsi ya tatu, lakini haondoki kichwani mwa Wallander. Ukurasa baada ya ukurasa tunasikia wasiwasi wa mtu wa makamo: ndoa iliyovunjika, binti asiyepiga simu, mwili unaonenepa, chumba cha kufulia cha jengo lake la Mtaa wa Mariagatan ambacho amesahau tena kujiandikisha zamu. Mauaji yanachunguzwa katikati ya vurugu hizo ndogondogo. Kamera haiwezi kupiga picha ya wasiwasi. Mtayarishaji anaweza kumpa mpelelezi sauti ya kusimulia juu ya picha, jambo ambalo huchosha haraka. Anaweza kumpa mwenzake wa kumweleza mambo; Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla anaye Najum, na Najum hushangaa kwa niaba yetu sote. Wallander hana Najum. Wenzake kituoni anawapa amri na majibu ya mkato, na mara nyingi hata hayo hawapi. Imebaki njia ya tatu, kuyaacha mahali na hali ya hewa yaseme asichosema yeye.

Mkoa wa Skåne, kusini kabisa mwa Uswidi, unafaa kwa kazi hiyo kuliko sehemu nyingi. Nchi ni tambarare, hivyo anga huchukua theluthi mbili za picha hata usipotaka. Mji wa Ystad, ambako riwaya zinatokea na ambako filamu zilipigwa, uko ufukweni mwa Bahari ya Baltiki. Sisi tulio karibu na ikweta tumezoea jua linalozama saa kumi na mbili na ushei, Januari hadi Desemba. Kule, mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na mwezi Desemba giza huingia alasiri. Kwa hiyo mwanga wenyewe hubeba habari. Mpigapicha Anthony Dod Mantle, aliyeanzisha mwonekano wa filamu hizi na kupata tuzo ya BAFTA kwa kazi hiyo, aliutumia mwanga huo mrefu wa kiangazi kwa namna inayomkosesha mtazamaji raha. Mauaji ya kutisha yanatokea kweupe, katika jioni isiyokwisha, na Wallander asiyelala anazunguka ndani ya nuru inayokataa kumpa usiku. Hakuna anayetuambia kwamba amechoka, kwa kuwa hahitajiki mtu wa kutuambia.

Bei ya mbinu hiyo inalipwa upande wa hadithi. Kila filamu ni ya dakika 90 hivi, na riwaya nyingi za Mankell ni vitabu vinene. Ukitumia dakika tatu kumwonyesha mtu amesimama kando ya gari akitazama bahari, ni lazima mshukiwa fulani afutwe na ushahidi fulani urukwe. Ndiyo maana mara kwa mara ufumbuzi unaanguka kama embe lililoiva ghafla, na mtu aliyesoma kitabu anabaki akijiuliza zile siku za kupekua mafaili na kupiga simu zimekwenda wapi. Katika riwaya, uchovu wa Wallander unatokana na kazi hiyo ya kuchosha. Katika filamu, uchovu umebaki na kazi imepunguzwa.

(Nimewahi kujiuliza mtafsiri wa filamu DJ Afro angefanya nini na filamu hizi. Watafsiri wa kwenye vibanda vya video, Nairobi hata Dar es Salaam, wanaishi kwa kuujaza ukimya: mwigizaji akinyamaza, wao ndio huongea. Hapa wangeongea filamu nzima, na huenda wangemrudisha yule msimulizi aliyeondolewa.)

Branagh si Wallander pekee. Rolf Lassgård aliwatangulia wote katika filamu za Kiswidi kuanzia miaka ya 1990, akimfanya inspekta kuwa mtu mkubwa wa mwili, mlaji, mwenye hasira za karibu. Baadaye alikuja Krister Henriksson, kuanzia mwaka 2005, mkavu na mpole zaidi. Filamu zake nyingi hazikutokana na riwaya bali na visa vipya. Ukizitazama hizo za Kiswidi utaona jambo la kushangaza kidogo: mandhari ni yaleyale, lakini hakuna anayeyashangaa. Ystad ni mji ambao watu wananunua maziwa na kugombania maegesho. Waswidi hawayakodolei macho mashamba yao. Uzuri ule wa kutia kiwewe ulikuja na Waingereza, na nadhani kwa sehemu ni jicho la mgeni. Ongeza kwamba katika filamu za BBC kila mtu anaongea Kiingereza ilhali magazeti na vibao vya barabarani vimeandikwa Kiswidi. Mahali panakuwa nusu pa kweli na nusu pa ndotoni.

Na mgeni hupitwa na mambo. Mankell aliishi miaka mingi kati ya Uswidi na Msumbiji, ambako kuanzia mwaka 1986 aliongoza ukumbi wa Teatro Avenida mjini Maputo. Aliporudi kwao na kukuta chuki dhidi ya wageni imekua, ndipo akamuunda Wallander. Riwaya ya kwanza, ya mwaka 1991, inaanza na wakulima wazee waliovamiwa shambani usiku wa Januari. Mke, kabla ya kukata roho, anatamka neno linaloashiria wageni. Habari inavuja kwa waandishi, na muda si mrefu mkimbizi wa Kisomali anapigwa risasi na kufa. Wakati huohuo Wallander anagundua kwamba binti yake Linda ana uhusiano na Herman Mboya, Mkenya anayesomea udaktari. Hapo Mankell anambana mpelelezi wake: anayetafuta wauaji wa mkimbizi naye ana jambo la kujiuliza moyoni.

Katika filamu ya BBC ya mwaka 2010 iliyotokana na riwaya hiyo, Mboya hayumo. Nafasi yake ameipata kijana mwingine, Jamal, na mvutano wa baba na binti umebaki bila uzito wa nchi nzima nyuma yake. Riwaya ya mwaka 1993 ilipata pigo kubwa zaidi. Kitabuni ni njama ya Makaburu ya kumuua Nelson Mandela, Afrika Kusini ikiwa kwenye mpito mgumu wa kuuacha ubaguzi wa rangi. Filamu yake ya mwaka 2016 inampeleka Wallander Cape Town kwenye mkutano wa polisi, naye anaingia katika kisa cha mwanamke Mswidi aliyepotea. Milima imepigwa picha vizuri mno. Historia imeachwa nje ya fremu. Huzuni ya mtu mmoja husafiri kirahisi kutoka nchi hadi nchi. Hoja juu ya taifa fulani na woga wake inahitaji maelezo, na maelezo ndiyo yaliyotolewa kafara ili anga lipate nafasi.

Hata hivyo kuna mahali ambapo mbinu hii inakishinda kitabu, nako ni mwisho. Katika riwaya ya mwisho, ya mwaka 2009, Wallander anaanza kupoteza kumbukumbu, kama baba yake, mchoraji aliyerudia picha ileile ya mandhari maisha yake yote, mara ikiwa na ndege wa msituni, mara bila ndege. Mankell analazimika kutueleza ugonjwa huo kutoka nje, kwa sababu kichwa alichokitegemea kusimulia sasa kinafifia. Filamu za BBC zilikuwa zimejiandaa bila kujua. Katika filamu zilizotangulia tumezoea kumwona mtu huyu amesimama peke yake uwanjani, bila kuambiwa anawaza nini. Sasa amesimama vilevile, naye mwenyewe hajui amefuata nini pale. Branagh haongezi machozi wala kelele. Anabadilisha macho tu, na picha tuliyoizoea inapata maana nyingine.

Kwa anayetaka kuanza, ningeshauri aisome riwaya ya kwanza kabla ya kuitazama filamu yake. Zile nyingine anaweza kuzitazama kwanza. Hii ya kwanza, akianzia kwenye runinga, hatajua kwamba Mkenya aliwahi kuketi katika hadithi hiyo.