Maji ya Sanje, mpunga wa Misungwi

Anayeuza safari za Maporomoko ya Sanje akiwa Misungwi, mkoani Mwanza, hutegemea maji, likizo na mfuko wa mzazi. Vyote vitatu hukutana wiki chache tu kwa mwaka.

Maporomoko hayo, yenye anguko la mita 170 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, hufurika masika. Wakati huohuo njia ya kupandia huteleza, na walimu hukataa kutoa wanafunzi. Septemba na Oktoba njia ni kavu, lakini maji yamepungua. Juni ndiyo yenye afadhali: mvua zimekatika, mto bado una nguvu, shule zimefungwa, na mpunga wa Misungwi unavunwa, mzazi akapata fedha.

"Biashara yangu ni ya mwezi mmoja, madeni ni ya mwaka mzima," anasema mwandaaji mmoja wa safari. Daftari lake la michango limejaa elfu tano-tano zilizoandikwa kwa penseli, maana mzazi anaweza kudai chake wakati wowote. Mwaka mmoja mvua ilichelewa kukatika, walimu wakaahirisha. Wazazi walitaka fedha zao. Mwenye basi akagoma kurudisha advansi. Mwandaaji akauza ng'ombe wawili. "Mwenye basi kalipwa, mzazi karudishiwa. Hasara ya mvua nimeibeba peke yangu."

Ofisa mmoja wa utalii ana matumaini zaidi. Anataja watalii zaidi ya milioni 5.3, wa ndani na wa nje, waliohesabiwa nchini mwaka 2024, kuwa ushahidi kwamba soko lipo. Lakini jumla hiyo haisemi wangapi walipanda Sanje, wala mwezi gani. Anayehesabu viti vya Coaster hawezi kuitumia kuamua akodi gari lini.

Wengine wanaitazama Fela, humu humu wilayani, ambako jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, liliwekwa Juni 2021. Treni huenda ikashusha gharama ya kufika Morogoro, ingawa kutoka hapo bado kuna barabara ya Mikumi, Kidatu hadi Mang'ula, kwenye lango la hifadhi. Mkataba wa basi unaoruhusu kusogeza tarehe ungesaidia mapema zaidi.

Kwa sasa mwandaaji huyo anapokea michango ya Juni pekee. Desemba ameiacha, japo shule hufungwa: mvua zinakuwa zimerudi mlimani, na hataki kuuza ng'ombe tena.