Kadi ya Mtandao Isiyoitika katika Linux
Kompyuta ya mkononi itumiayo Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Ufini mwaka 1991, yaweza kukosa mtandao ilhali kadi yake ni nzima. Wengi hukimbilia kununua kadi mpya. Heri kwanza watafute palipokatika.

Amri ya lspci -k hutaja vyombo vingi vya ndani pamoja na kiendeshi cha kila kimoja. Kadi isipotajwa, yaelekea imelegea au imezimwa. Ikitajwa bila kiendeshi, kasoro haimo katika chombo bali katika programu. Kiendeshi kikiwapo, amri ya dmesg hudhihirisha kama imekosekana fimuwea, ambayo hukaa katika /lib/firmware. Upungufu huo uliwasumbua watumiaji wa Debian hata mwaka 2023, ambapo toleo la 12 lilitiwa fimuwea zisizo huru katika visakinishi vyake rasmi.

Mwisho hutazamwa rfkill. Kizuizi cha programu huondolewa kwa amri ya rfkill unblock wifi. Kizuizi cha chombo, aghalabu, huondolewa kwa swichi. Hivyo kadi iliyodhaniwa imekufa pengine yangoja kidole tu.