Dawa ya Chupa na Ukingo wa Nguo

Mzazi anunuapo kitambaa cha sare ya mtoto wake wa shule hutoa fedha alizozipata kwa jasho, naye hutumaini kwamba nguo ile itavaliwa mwaka mzima, na pengine irithiwe na ndugu amfuataye. Lakini nguo nyingi hazianzi kuharibika katikati, huanza ukingoni. Uzi mmoja hutoka, kisha wa pili, na bandu bandu huisha gogo. Mwishowe mshono huachia, na nguo ambayo kitambaa chake kingali kizima hugeuka tambara.

Siku hizi madukani huuzwa dawa ya maji katika vichupa vidogo, nayo husifiwa kwamba huzuia nyuzi zisitoke. Yafaa tujue kazi yake ni ipi, na mwisho wa kazi hiyo ni wapi.

KWA NINI UKINGO HUFUMUKA

Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za namna mbili: za mtande, ziendazo kwa urefu, na za mshindio, zipitazo kwa upana juu na chini ya zile za mtande. Nyuzi hizo hushikana kwa kubanana tu. Katika kingo mbili za urefu, kiwanda huzifunga nyuzi hizo, kwa hiyo pale hapafumuki. Lakini mkasi ukipita mahali pengine, uzi uliokatwa hauna tena cha kuushika.

Mfano mzuri ni leso, au kanga. Huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana. Mnunuzi akishavitenga, pande ndefu huwa salama, lakini zile pande fupi hubaki wazi. Ndiyo sababu hupelekwa kwa fundi zipindwe kabla ya kuvaliwa.

Vitambaa navyo havilingani. Kilichofumwa kwa kubana sana hufumuka polepole. Satini, yenye nyuzi laini na zenye kuteleza, hufumuka upesi. Fulana, ambazo hufumwa kwa vitanzi, hazitoi nyuzi kwa jinsi hiyo.

DAWA YENYEWE

Dawa nyingi za namna hii ni plastiki ya jamaa ya nailoni iliyoyeyushwa katika spiriti. Ikipakwa, hupenya katikati ya nyuzi. Spiriti huruka hewani, na plastiki hubaki ikizigandisha nyuzi pamoja. Ikishakauka vizuri, aghalabu huvumilia kufuliwa.

Mwenye kutaka kuitumia na afuate taratibu hii:

1. Soma maelezo yaliyoandikwa kwenye chupa. Kisha jaribu dawa juu ya kipande kilichobaki cha kitambaa kile kile, kwa sababu nguo nyingine hubadilika rangi au huwa na doa.

2. Kata nyuzi zinazoning'inia. Usizivute, maana ukivuta mmoja utawatoa na wenzake.

3. Tandika ukingo juu ya karatasi ya plastiki, wala si juu ya gazeti, lisije likagandamana na nguo.

4. Paka mstari mwembamba, wa milimita mbili au tatu tu. Pahali padogo tumia ncha ya njiti. Dawa ikizidi husambaa kitambaani.

5. Iache ikauke kabisa, nusu saa au zaidi, kabla ya kushona, kufua au kupiga pasi.

Katika hayo yote, jihadhari na moto. Spiriti huwaka upesi. Basi usiipake karibu na jiko, taa ya mafuta wala sigara. Fungua dirisha, na uiweke chupa mbali na watoto.

Wengine hutumia rangi ya kucha isiyo na rangi. Hiyo nayo huzuia nyuzi, lakini hukauka ikiwa ngumu zaidi, nayo huwaka moto vile vile. Tena yaweza kuyeyusha vitambaa vya aseteti. Gundi nyeupe ya karatasi haifai kwa nguo ya kufuliwa, kwa kuwa maji huilainisha.

MAHALI PAKE

Dawa hii husaidia sana pale ambapo sindano haina nafasi. Kwanza, tundu la kifungo: shona tundu, tia dawa katikati ya mistari miwili ya mshono, ngoja ikauke, ndipo ukate kwa wembe mkali. Pili, ncha za utepe. Tatu, pembe za kola na mifuko, ambapo fundi hulazimika kupunguza kitambaa karibu na mshono.

Lakini haifai kushika mahali pa mshono wa begani, kwapani au kiunoni. Pale nguo huvutwa kila siku, na plastiki nyembamba haiwezi kubeba mzigo huo. Tena ukingo ulio mgumu hukwaruza shingo. Mtoto mchanga asivikwe nguo yenye dawa hiyo karibu na ngozi yake.

Kwa sare ya shule liko jambo jingine la kukumbukwa. Fundi mwenye busara huacha upindo mpana chini ya rinda au suruali, ili mtoto akikua ufumuliwe na nguo iongezwe urefu. Mzazi ambaye, kwa kukwepa ujira wa fundi, hukata upindo huo na kupaka dawa mahali pake, ameokoa senti chache leo. Mwaka ujao atanunua sare mpya, kwa sababu hakuna kitambaa kilichobaki cha kuteremsha. Upindo na ushonwe kwanza, na ukingo wake wa ndani uzungushiwe nyuzi kwa mkono au kwa cherehani. Chupa na ishike zile pembe ndogo ambazo sindano haikuweza kuzifikia.