Mjukuu wa Kamaru na Mvumo Usio na Ngoma

Msomaji wa Lamu au Mombasa, ambaye masikio yake yamelelewa kwa udi na ganuni, akiwekewa kazi ya kijana anayejiita KMRU atangoja dakika tano, kisha atauliza: "Muziki wenyewe utaanza lini?" Nami sitamlaumu. Hakuna mwimbaji, hakuna kiitikio. Kuna mvumo mrefu unaopanda polepole kama maji ya kujaa, na ndani yake, ukitega sikio, mna sauti za mitaa na za ndege.

Huyu ni Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi, 1997. Jina si geni. Babu yake, Joseph Kamaru mkubwa, alikuwa mwimbaji mashuhuri wa Kikikuyu, na wimbo wake wa mwaka 1975 juu ya kuuawa kwa J.M. Kariuki ulipigwa marufuku redioni. Mzee alifariki Oktoba 2018. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta: mjukuu hakufuata uimbaji wa babu, ila amezitoa upya nyimbo zake zisipotee, na mvukuto wake mwenyewe ndio huo mvumo.

Muziki aliusomea Chuo Kikuu cha Kenyatta, lakini kazi ya kuunda sauti kwa kompyuta ni ya kujifunza kwa mkono wake. Alianza na muziki wa kuchezesha watu. Kisha akawa anatembea na kinasa sauti kidogo mkononi, na ngoma zikaanza kumtoka moja moja.

Nilikwenda Kibera nikiwa na kazi yake iitwayo Peel, ya mwaka 2020. Nilikaa Makina, kwa Wanubi, Waislamu wenzetu ambao wazee wao, askari wa Kiingereza wenye asili ya Sudan, waliwekwa msituni hapo zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nikavua visikizi. Waungwana, Kibera ina sauti! Bati linagongwa, mafuta yanachacharika karaini, redio tatu zinashindana, treni inapita. Mara adhana ya alasiri ikatoka msikiti mmoja, ikadakwa na mwingine kabla ya wa kwanza kumaliza. Sisemi adhana ni muziki, hasha. Nasema sikio la mtu wa Mji wa Kale limekwisha zoea sauti nyingi kupandana na kuwa kitu kimoja, wala halihitaji mwalimu wa kulifundisha hayo.

Na mtu asidhani ufundi huu ni wa Wazungu peke yao. Mwaka 1944, Cairo, Halim El-Dabh, aliyesomea kilimo, aliazima mashine ya kunasa sauti kwenye waya, akanasa wanawake katika zaar, kisha akazichezea sauti zile studioni mpaka ukabaki mwangwi. Aliyeona ngoma za pepo hahitaji kufasiriwa zaar. Pierre Schaeffer wa Ufaransa, anayesifiwa sana, alikuja miaka minne baadaye.

Lakini sauti ni ya nani? Anayeingia mtaani na kinasa huondoka na kitu cha watu. Katika Temporary Stored, 2022, KMRU alitumia sauti kutoka jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, penye hazina ya sauti za Afrika zilizokusanywa enzi za ukoloni. Jina lenyewe lasema zimewekwa kwa muda tu. Muda gani, Wabelgiji waulizwe. Aliyeyagusa hayo hana budi kukitazama kinasa chake kwa jicho jingine. Mwaka 2023, katika Dissolution Grip, aliichukua michoro ya mawimbi ya sauti alizonasa, akaifanya ramani ya kuunda sauti mpya. Kwa rai yangu, hapo ndipo alipokomaa.

Alikwenda Berlin kusomea sanaa ya sauti. Usiku wa huko ni kimya mno kuliko wa Nairobi, basi katika Natur, 2024, akatumia vinasa vinavyosikia umeme ukipita mashinemwe. Kinachonikereketa ni kwamba wanaomsikiliza ughaibuni wanamjua kuliko jirani zake. Pale Makina nilimpa visikizi fundi mmoja wa redio. Alisikiliza robo saa nzima, kichwa kimeinama, kisha akaniuliza ni redio gani hiyo iliyoharibika kwa ustadi namna ile.